Simu Imepotea, Msiwe na Wasiwasi

Wenzangu walivishwa pete. Mimi nilipewa simu ya mkononi, chaja yake, na kimfuko cha ngozi cha kuvaa kiunoni, na aliyenipa akaniambia kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitakachotutenganisha. Kwa kuwa alikuwa muuza simu, nadhani maneno hayo aliwaambia wateja wake wote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, serikali inauza kila kilichosimama. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na nne, sijaolewa, na shangazi yangu alishaanza kunizungumzia kama kiwanda cha umma: mashine bado nzima, lakini mwekezaji hapatikani. Kwa hiyo mwekezaji alipojitokeza, ukoo mzima ulishusha pumzi. Alikuwa mtoto wa mjini Dodoma hasa, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakasahau kurudi. Alikuwa na duka, alikuwa na adabu, na shati lake lilibaki na mikunjo ya pasi hadi jioni. Vumbi la Dodoma halimheshimu mtu, lakini yeye lilimheshimu. Nilimpenda. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa nasukumwa.

Alikuwa na jambo moja tu, nalo wakati ule sikuliona kuwa kasoro. Aliiamini simu kama wengine wanavyoamini dua. Mtandao wenyewe ulishika mjini tu, ukisogea kidogo upande wa Chimwaga unakatika, lakini yeye alizungumza kana kwamba dunia nzima imeshaunganishwa na hakuna tena sababu ya mtu kunyanyuka alipokaa. Nilipochelewa kufika dukani kwake, hakuja kuniangalia, alipiga. Nilipougua malaria alipiga asubuhi, mchana na jioni, kama dozi. Majirani zangu wenye waume wa kizamani waliletewa uji. Mimi nililetewa sauti, nikajiona mwanamke wa kisasa.

Kilichobaki ni posa. Baba yangu aliishi Kolo, huko Kondoa, mahali ambapo wazungu huja kutazama michoro ya mapangoni na wenyeji huwatazama wazungu. Alikuwa mkulima, mzee wa msikiti, na mtu wa maneno machache ambayo akishayatoa hayarudi. Wazee wa mchumba wangu walituma salamu za kistaarabu kwamba wako tayari kuja, ila wana sharti moja dogo: wapokewe na baba yangu mdogo. Kwetu baba mzazi hajadili posa ya binti yake mwenyewe. Anakaa pembeni akijifanya hayamhusu, na mdogo wake ndiye anayesema. Mzee anayepokea posa peke yake anaonekana hana ukoo, na watu wa mjini, pamoja na usasa wao wote, hawaoi kwa mtu asiye na ukoo.

Sharti lilikuwa dogo kweli, ila halikuwezekana. Baba na mdogo wake walikuwa hawasemezani. Baba mdogo alihamia Hombolo akalima zabibu, zabibu zikamkubali, akawa anawauzia watengeneza mvinyo. Baba akasema Mwislamu hauzi zabibu za pombe. Baba mdogo akajibu kwamba yeye anauza matunda, na mnunuzi akishayafikisha kwake akaamua kuyakanyagakanyaga, hiyo ni baina yake na Mola wake. Jibu hilo lilikuwa zuri mno, halikusameheka. Baba akaapa mbele ya watu kwamba hatakanyaga Hombolo ila siku ya kumzika mdogo wake, na kwa miaka mingi akawa anakitimiza kiapo kile kwa raha kabisa.

Nilipanda kwenda Kolo kumwomba akilegeze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Kwa baba, hayo yalikuwa mapinduzi. Tukakubaliana kwamba akishaamua atapeleka neno kwa mwenye duka mmoja pale Kondoa mjini, mzee aliyekuwa na simu ya mezani tangu enzi za shule yangu, naye atanipigia mimi. Mimi nitampigia mchumba, mchumba atawaambia wazee wake, wazee watapanda gari. Ndoa yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye kile kimfuko kiunoni.

Siku hiyo ndiyo baba alipoiona simu yangu kwa mara ya kwanza. Aliigeuza mkononi, akaipeleka sikioni, akauliza mbona redio hii haisemi. Alishawaona askari wa Kondoa wakiwa na redio koli, kwa hiyo hakuona jipya. Nikamwacha aiite redio. Pale Kolo hapakuwa na mtandao, na kweli haikusema.

Baada ya hapo nikasafiri kwenda Lusaka. Nilikuwa afisa ushirika katika miaka ambayo ushirika wenyewe ulishakufa, kwa hiyo nilikuwa na nafasi nyingi ya kuhudhuria semina. Hii ilihusu namna ya kuwashirikisha wakulima katika mabadiliko, na ndiyo maana hapakuwa na mkulima hata mmoja. Nilimuuliza mchumba wangu kama simu itafanya kazi huko ugenini. Alicheka kwa upole, akaniambia simu ni simu.

Simu haikuwa simu. Tangu tulipovuka Tunduma kile kioo kiliandika kwamba hakuna mtandao, na Lusaka kikaendelea kuandika hivyohivyo kwa uaminifu mkubwa. Hata hivyo niliendelea kuivaa kiunoni, maana washiriki wengine nao walikuwa wamezivaa za kwao, zote zimekufa vilevile, na tulitazamana kwa heshima. Lakini usiku nilikuwa silali vizuri. Nilimwona baba amekaa barazani kwake, ameshaamua, neno limeshafika Kondoa, mwenye duka anazungusha namba yangu, na mimi nipo kwenye semina najifunza maana ya mdau.

Mshiriki mmoja kutoka Dar es Salaam, mtu aliyejua kila kitu, akaniambia kwamba nyuma ya hosteli, karibu na ukuta, mtandao wa nyumbani huwa unavuka. Alilisema kwa uso wa mtu aliyeuona ukivuka. Wakati wa chai nikaenda. Palikuwa na benchi, nikapanda juu yake, nikainyanyua simu juu ya ukuta kadiri mkono ulivyofika, nikaielekeza upande niliodhani ni Dodoma. Upande wa pili ulikuwa barabara. Nikasikia nyayo, nikasikia mtu akipiga mluzi, halafu nikasikia simu ikitoka mkononi mwangu taratibu, bila kunyang'anywa, kama mtu anavyochuma embe lililoiva. Mluzi ukaendelea na safari yake. Hata hakukimbia.

Nilibaki juu ya benchi nimenyoosha mkono mtupu. Ukuta ulikuwa mrefu, sikuona hata kofia yake.

Kituo cha polisi walinipokea vizuri. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mtu mzima mwenye subira, akataka nimweleze taratibu. Nikamweleza. Akataka kujua kama mtu huyo alinitishia. Hapana. Kama aliingia ndani ya ua. Hapana. Kama nilikuwa nimeishika kwa nguvu. Nikasema nilikuwa nimeishika kwa vidole ili nisije nikafunika mahali mtandao unapoingilia. Akafikiri, akaniuliza kwa Kiingereza cha adabu kabisa kama inawezekana yule mtu alidhani nampa. Nikasema haiwezekani. Akasema yeye mwenyewe angedhani hivyo. Kisha akanishauri nisamehe, akaniuliza habari za Tanzania.

Mchumba wangu ningempigia kwa namba ipi? Sikuijua. Kwenye ile simu sikuwa nimemwandika kwa jina, maana jina lake lilinipa haya, nilimwandika "Yeye". Nilibonyeza Yeye, Yeye akapokea. Mapenzi yetu yote hayakuwahi kuhitaji nikumbuke tarakimu moja. Namba pekee niliyokuwa nayo kichwani ni ile ya mwenye duka wa Kondoa, fupi, niliyoikariri nikiwa mwanafunzi wa bweni ili nikiishiwa sabuni nyumbani wajue. Basi nikaenda kwenye kibanda cha kupigia simu, nikapewa dakika chache, na baada ya mikwaruzo mingi nikaisikia sauti ya yule mzee ikitokea kama chini ya kisima.

Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akaniuliza niko wapi, nikamwambia. Akasema hanisikii. Nilitaka kumweleza mengi: asipige ile namba, neno la baba alitunze, nitarudi wiki ijayo. Lakini kila nilichosema kilirudi masikioni mwangu mwenyewe kabla hakijamfikia. Nikaamua kupunguza maneno, kama mtu anayelipia mzigo kwa uzito akachagua kupeleka kilicho muhimu tu. Nikasema kwa sauti kubwa, neno moja moja:

"Mwambie baba simu imepotea. Asiwe na wasiwasi."

"Simu imefanyaje?"

"Imepotea. Asiwe na wasiwasi."

Akasema amesikia. Laini ikakatika. Nikatoka kwenye kibanda nimetulia, najisifu kwa ufupi wangu.

Yaliyofuata huko Kolo nilisimuliwa na shangazi, dada yao mkubwa, ambaye alikuwepo na aliyachochea. Mwenye duka, mtu mwaminifu, alilipeleka neno siku hiyohiyo kwa dereva wa lori la mahindi, na dereva akalifikisha barazani kwa baba bila kulipunguza wala kuliongeza. Binti yako anasema simu imepotea, msiwe na wasiwasi.

Sasa, kwa watu wa umri wa baba, simu haikuwa kitu cha kusemea. Hicho, kama kile cha mwenye duka wa Kondoa, walikiita mkonga. Simu ilikuwa karatasi, telegramu. Ilitoka posta, ilikuwa na maneno machache yaliyokatwakatwa, na hakuna aliyeitumia kumsalimia mtu. Nyumbani kwetu simu ilipoletwa ilileta kifo, na wanawake walikuwa wanaanza kulia kabla haijafunguliwa. Kile nilichokivaa mimi kiunoni, baba alikijua vizuri, kilikuwa redio. Kwa hiyo habari iliyofika ilikuwa wazi kabisa: kuna simu imetumwa, imepotea njiani. Yaani kuna mtu amekufa, ila haijulikani ni nani.

Na kama palikuwa na shaka, nilikuwa nimeiondoa mwenyewe kwa kusema asiwe na wasiwasi. Kila Mtanzania anajua maneno hayo husemwa lini. Ndugu akiumwa kweli, utaambiwa anaumwa. Akishakufa, utaambiwa njoo tu, usiwe na wasiwasi. Shangazi alipoyasikia alivua kanga ya kichwani akaifunga kiunoni.

Wakakaa chini kumtafuta marehemu. Waliopo kijijini walionekana wakipita, hao wakaondolewa. Wa Kondoa mjini walikuwa wazima, dereva wa lori aliwaona. Wa Babati walileta habari za ubatizo wa jirani juzi tu. Binamu wa Singida alikuwa na deni la mbuzi, na shangazi akatoa hoja kwamba mtu wa namna hiyo hafi mapema. Wakaenda hivyo, jina kwa jina, wakiwafufua ndugu wote, hadi wakafika kwa yule ambaye hakuna aliyekuwa ametaja jina lake barazani pale kwa miaka. Hakuna aliyekuwa na habari zake. Yuko Hombolo, karibu na Dodoma. Angekufa, majirani zake wangempelekea nani simu? Binti wa kaka yake aliye Dodoma. Na binti yuko ugenini, simu imekosa wa kuipokea, imepotea. Hata mahakamani wangekubali.

Shangazi anasema baba aliingia ndani akakaa sana. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, na chini ya kwapa ameshika kifurushi cha bafta nyeupe, ile aliyokuwa amejinunulia mwenyewe akaiweka sandukuni kwa siku yake. Shangazi akamwambia atafutiwe mtu wa kumsindikiza. Akakataa. Akasema yeye alishaahidi kwenda Hombolo kwa jambo hili, na ahadi ni deni.

Mimi wakati huo nilikuwa Lusaka najaza fomu ya kutathmini chakula.

Niliporudi Dodoma, nimevimba miguu kwa safari ya basi, nilipitia moja kwa moja dukani kwa mchumba wangu. Nilikuwa na aibu. Zawadi yake ya uchumba nimeipoteza juu ya ukuta. Nilifanya mazoezi ya kueleza tangu Iringa. Yeye hakukasirika hata kidogo. Alinisikiliza akitabasamu, akafungua kabati la kioo akanitolea nyingine, mpya, yenye taa ya kijani. Akasema alinipigia sana, tena sana, kila siku, sipatikani, na hivyo akawa ametulia kusubiri nitakapopatikana. Nikamuuliza kama nyumbani wameleta neno lolote. Akasema ndiyo, hata mzee mwenyewe alipita.

Nikauliza mzee yupi.

"Baba yako. Alikuwa anaenda Hombolo, anasema amefiwa na mdogo wake. Alitaka kujua kama una habari zaidi, nikamwambia hupatikani. Maskini, alikuwa amechoka, ana sanda mkononi. Nikampa soda na kadi yangu ya duka. Nikamwambia wakishazika wanipigie."

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayesubiri kushukuriwa. Kwa muda sikuelewa niulize nini kwanza. Baba mdogo amekufa? Lini? Na yeye hakwenda? Nikamuuliza hilo la mwisho. Akanitazama kwa mshangao. Angeenda vipi, na alikuwa anasubiri nimpigie?

Nilichukua mfuko wangu nikaenda kutafuta gari la Hombolo, na njia nzima nililia, kwanza kwa ajili ya baba mdogo, kisha nikagundua kwamba simlilii yeye peke yake. Nilikuwa namwona baba, mzee asiyependa mji, amesimama kwenye kaunta ya duka la simu na kanzu yake ya Idi imejaa vumbi la barabara ya Kondoa, ameshika kitambaa cha kumzikia ndugu yake, anapewa soda.

Hombolo nilimkuta marehemu yuko kwenye mizabibu, amepanda juu ya ndoo, anafunga matawi. Baba amekaa chini kwenye mkeka anamwambia anafunga vibaya. Mbele yake palikuwa na sinia la zabibu, nusu limeliwa.

Baba mdogo ndiye aliyenisimulia, na baba hakumkatiza ila pale alipoona heshima yake inapunguzwa. Kaka yake alifika mlangoni akasimama, akasema inna lillahi kwa sauti ya kuwaita waombolezaji. Hakuna aliyetoka. Akasema tena. Ndipo baba mdogo mwenyewe akatoka na kisu cha kupogolea mkononi. Wakatazamana.

"Nani amekufa?" akauliza baba mdogo.

"Wewe," akasema baba.

"Lini?"

Baba akasema hajui, simu imepotea. Halafu akakaa pale mlangoni akalia kama mtoto, na mdogo wake, ambaye alikuwa na majibu ya kila kitu, akaweka kisu chini akakaa naye. Hapo ndipo baba alipomkatiza akasema lilikuwa vumbi. Baba mdogo akasema sawa, lilikuwa vumbi.

Nilipowaeleza kwamba simu ni ile redio, baba alinikemea. Kama iliyopotea ni redio, kwa nini nisiseme redio? Nimesomeshwa kwa mahindi yake ili nije kuita vitu kwa majina yasiyo yake? Nikaomba radhi. Nilimuuliza sasa atarudi lini Kolo, akasema hawezi kuondoka wakati mizabibu inafungwa hivyo. Kuhusu mvinyo, hapakuwa na suluhu. Waliendelea kubishana asubuhi na jioni, kwa furaha ya watu waliokosa mpinzani wa kweli kwa miaka.

Basi sharti likawa limetimia. Baba mdogo yupo, baba yupo, na bafta wamegawana nusu kwa nusu kwa sababu kila mmoja alisema mwenzake atatangulia. Wazee wa mchumba wangu wakaarifiwa. Walikuja Hombolo siku ya Jumapili, watu wazima watano wenye kofia safi, na mchumba wangu akaja nao, kwa kuwa hapo sasa lilikuwa jambo lake. Shangazi alishuka kutoka Kolo na kusimamia pilau. Walizungumza kwa mafumbo kuhusu ua walioliona katika bustani, baba mdogo akajifanya hajui ua lipi, baba akajifanya hayamhusu. Kila kitu kilikwenda kama kilivyotakiwa kwenda. Nilikuwa chumbani na wanawake, nimefunikwa kanga mpya.

Mwishowe baba mdogo akaja mlangoni kuniuliza. Kwetu hili halina ugumu. Binti anaulizwa kama anakubali, binti anainama, ananyamaza, na kunyamaza ndiko kukubali. Ndoa nyingi sana zimefungwa kwa wanawake kutosema lolote. Sikutakiwa kufanya kitu. Shangazi alishajaza hewa kifuani tayari kwa kigelegele.

Nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililoniuma. Nilijua akinioa hatanipiga, hatakunywa, hataniacha na njaa. Atanipigia.

"Mwanangu, umeridhia?" akauliza baba mdogo.

Nikainua kichwa. "Baba mdogo, mwulize kwanza alikuwa wapi siku ya mazishi yako."

Baba mdogo akanitazama, akajitazama mwenyewe, kifua hadi miguu.

"Lakini mimi sikufa."

"Yeye hakujua hilo," nikasema.

Sijui baba mdogo alivyowaeleza wageni. Najua waliondoka kwa adabu, bila kumaliza pilau, na mchumba wangu alipopita dirishani alikuwa ameshika simu mkononi akiinyanyua juu kidogo, akitafuta mtandao. Shangazi alilia kwa uchungu wa mtu aliyejaza kigelegele kikamrudia ndani. Baba alisema nimemwaibisha. Baba mdogo akasema nimewaaibisha wote wawili. Baba akasema hilo ndilo alilotaka kusema. Baba mdogo akasema ni kosa la kumsomesha mtoto kupita kiasi, baba akasema amesema kweli, na nikiwa bado chini ya ile kanga niliwasikia wakisogeza viti vyao karibu, wakikubaliana neno kwa neno, hadi giza likaingia.